Wino wa Zafarani

Shaame hucheka. Si kwa jambo.
Hucheka ndoo ikijaa, hucheka ikimwagika,
hucheka saa tisa za usiku, Bopwe yote imelala,
na mimi macho makavu, nahesabu mabati ya paa.
Miaka saba. Hajasema "mama".
Hajasema "maji", na maji ndiyo kipenzi chake.
Hutembea mikono juu,
kama avukaye kijito kirefu tusichokiona sisi.

Mavyaa alisema: kwetu hakuna hivi.
Akarudia mbele ya mawifi,
anapepeta mchele, hanitazami.
Mimi nikamhukumu Hamadi, naye kanihukumu,
kimya kimya,
kila mtu na ukingo wake wa kitanda.

Tukampeleka kwa maalimu, akaandika kombe:
zafarani juu ya sahani nyeupe, mstari chini ya mstari.
Akamimina marashi, maandishi yakayeyuka.
Shaame akayanywa yale manjano, akacheka.
Ijumaa degedege likarudi.

Daktari wa Chake alikuwa mwanamke, kwao Kiuyu.
Alitoa damu ya Shaame, na yangu, na ya Hamadi,
ikasafiri mbali kuliko tulikowahi kufika sote watatu.
Jibu lilikuja mwezi wa nane, karatasi moja.
Akauhamisha uti wa kiti, akakaa upande wetu wa meza.

"Kila jeni unayo mara mbili,
moja ya mama, moja ya baba.
Nyingi hufanya kazi bega kwa bega.
Hii, ndani ya ubongo, ina dasturi yake:
ya baba hupigwa muhuri ilale.
Si kwa Shaame tu. Kwako, kwangu, kwa kila mtu.
Ya mama ndiyo hukesha, peke yake.
Na hiyo uliyompa Shaame ina kosa. Herufi moja."

Kwa hiyo ni mimi.
Mavyaa hakuwemo mle chumbani
lakini nilimsikia akipepeta.

"Ngoja," akasema. "Na wewe uliipata wapi?"

Kwa baba. Mzee Faki, fundi wa milango,
vipimo vyote kichwani, hajaandika deni hata moja.
Kosa alilipata kwa babake, likiwa limelala.
Kanipa mimi, limelala vilevile,
nami nikakua, nikasoma, nikafundisha hesabu Limbani
miaka kumi na mmoja, chaki kwenye kanga.
Halafu ndani yangu, Shaame hajawa Shaame,
muhuri wa baba ukaoshwa
(hapo niliiona ile sahani, marashi, manjano yakitiririka),
ukaandikwa mwingine kwa mkono wa kike:
amka, ufanye kazi.
Ikaamka. Haina mikono.

Njiani Hamadi alinishika kidole kimoja,
kidogo, kile cha mwisho,
hakukiachia mpaka Wete.

Sikutaka kumwambia Khatibu. Nikamwambia.
Kaka yangu, huenda nawe unalo.
Wanao sita wanakimbia, wanatukanana, wanapasi,
maana kutoka kwako, hata wakilipata, linalala.
Ni binti zako. Wao wakizaa.
Akafunga vifungo vya shati, vyote, hadi cha shingoni.
"Zuhura anaolewa Mfunguo Tatu," akasema.
"Karatasi ikae kwenye kopo."

Ikakaa. Na sukari juu yake.

Leo Zuhura kaja kumwogesha Shaame
kama kila Jumapili, mikono imekunjwa hadi viwikoni.
Shaame kamrushia maji ya uso,
wamecheka wote wawili hadi povu limewaingia vinywani.
Kisha, hajageuka, bado amsugua mgongo:
"Shangazi, ile karatasi. Inanihusu?"

Nimeipindua ndoo nyingine, nikaikalia.
Shaame ametazama ndoo isiyo na maji, kaona ni kichekesho.
"Babu yako," nimeanza,
"alikuwa fundi wa milango."